Mrututu wa Januari

Waya nilipewa na Jumberi, aliyeung'oa
kwenye kiwanda cha mvinyo kilichofungwa enzi za foleni za mkate.
Nikauchuna ganda lake jeusi kwa kisu cha vitunguu
hadi shaba ikalala uchi mezani,
nyekundu kama kisogo cha mtu aliyenyolewa leo.
Maji ya betri yalitoka gereji ya Otari.
Dawa ya kupaushia nywele, kwa Tsiala msusi,
aliyeniuliza kama nimepata bwana.
Nimepata shaba, nikamwambia.

Barazani, theluji imefika kizingitini,
usoni miwani ya marehemu ya kuchomelea:
maji kwanza, tindikali baadaye, kamwe si kinyume.
Miaka thelathini na mmoja niliwakaririsha darasa la nane
maneno hayo. Sasa najikaririsha mwenyewe,
na kila neno linatoka na moshi wake.

Shaba ikanyamaza. Tindikali peke yake haiiwezi.
Nikadondosha dawa ya Tsiala, tone,
nikangoja, tone,
waya ukatoka jasho la mapovu
na maji yakaanza kuwa na rangi
ya anga ambalo Kakheti haijaliona tangu Noeli.

Mwanangu akapiga simu kutoka Poland, yuko ndani ya lori.
Mama, dukani Telavi si wanauza kwa kilo?
Wanauza. Nimeununua kila masika,
tukauchanganya na chokaa, tukanyunyizia mizabibu
mpaka baba yako akawa na kucha za buluu
na kula mkate kwa uma, kama mgeni.
Lakini wa dukani huja umeshasagwa,
kama habari za mtu uliyesimuliwa na majirani.
Mimi nataka kuuona ukijijenga.

Nikachuja kwa karatasi ya kahawa.
Katika vilivyotuama nikachagua mbegu moja, ukubwa wa dengu,
nikaifunga kwa uzi wa nailoni,
nikaining'iniza katika mtungi uliokuwa wa jamu ya plamu,
na mdomo wa mtungi nikaufunika kwa ukurasa
wa daftari la mahudhurio: Vepkhia, hayupo,
hayupo, hayupo, yupo, hayupo.

Usiku ule baridi ilipasua ndoo.
Nikaionea huruma, nikaisogeza karibu na jiko.
Asubuhi uzi ulikuwa mtupu.
Haikuibwa. Ilikuwa imerudi majini,
na maji yalikuwa ya buluu vilevile, hata kidogo hayakushtuka.

Basi mbegu ya pili nikaipeleka stoo, kwenye viazi,
nikajizuia mikono.
Subira huvuta heri, wasemao.
Ya stoo huvuta pembe tu,
pembe moja kwa juma, na ubavu ulionyooka
kuliko chochote nilichowahi kukata kwa mkasi.
Nani anaipimia? Nimefundisha jibu lake maisha yangu yote
na bado nachungulia kwa tochi kama mwizi.

Februari umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi
friji kuukuu likaruka kama punda aliyeumwa na nzi,
mtungi ukatikisika,
na tangu siku ile ubavuni mwake
kimeota kijifuwele kingine, kimekaa upande,
kama mtoto asiyetaka kupigwa picha.
Sikukiondoa.

Aprili Jumberi alikuja na ndoo yake ya chokaa.
Nikampa maji yaliyobaki na vipande vyote vidogo,
mizabibu yake ina ukungu mwaka hadi mwaka.
Ile kubwa nikaipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, isikauke.

Nilibakiza punje moja.
Niliichoma kwenye kijiko, juu ya mshumaa:
buluu ikaondoka kuanzia pembeni,
ikabaki unga mweupe, kitu ambacho ungekifuta kwa kitambaa.
Kikapoa. Nikachovya kidole kwenye glasi,
nikaacha tone moja lianguke.

Ikarudi. Yote, papo hapo.
Nikageuka haraka kuwaonyesha,
mkono juu, kijiko juu.
Viazi.